Saini Si Yangu: Kuandika Vihatarishi vya Makombora Huntsville

Kwenye kila karatasi ya kihatarishi ninayoiandaa kazini, chini kabisa kuna nafasi za saini. Hakuna hata moja iliyo yangu. Mimi ni mkandarasi. Naitafuta hatari, naieleza, naipa daraja, napendekeza dawa yake, kisha naipeleka kwa mtumishi wa serikali ya Marekani mwenye mamlaka ya kusema ameikubali au ameikataa. Kukubali hatari kwa niaba ya jeshi ni kazi ya serikali, haitangazwi zabuni. Watu wakisikia nasimamia usalama wa mifumo ya makombora hudhani nina kitufe cha kusimamisha kila kitu. Sina. Kwenye uwanja wa majaribio, sawa, yeyote akiona jambo haliendi anaweza kupaza sauti na kazi ikasimama, hata mpiga picha. Lakini maamuzi makubwa huwa yameshafanyika miezi mingi kabla, mezani, na pale mezani nilicho nacho ni maandishi tu.

Kituo changu ni Huntsville, Alabama, ndani ya kambi ya jeshi ya Redstone Arsenal. Zamani huu ulikuwa mji wa pamba. Mwaka 1950 jeshi likamhamishia hapa Wernher von Braun na Wajerumani wenzake, na tangu hapo ukawa mji wa roketi, hata mabango ya mjini yanajisifia hivyo. Mtumishi wa serikali na mkandarasi wanakaa meza jirani, wanakula pamoja, wanazikana, na tofauti yao utaiona kwenye kitambulisho kinachoning'inia kifuani. Mkataba ukiisha na kampuni nyingine ikashinda zabuni, mara nyingi sisi tunabaki kwenye viti vilevile. Kinachobadilika ni nembo ya fulana na tarehe ya mshahara. Kila jioni tunajaza saa za kazi kwa vipande vya dakika 6. Serikali ilipofungwa kwa siku 16 Oktoba 2013, watumishi walikuja kulipwa siku zao. Wakandarasi waliokaa nyumbani, wengi wetu hatukuona kitu. Nayasema haya mapema kwa sababu vijana wa nyumbani huniandikia wakidhani nimekaa kwenye kiti cha dhahabu.

Niliingia Marekani kwa bahati nasibu ya viza, nikasoma uhandisi wa umeme hapahapa Huntsville, nikasubiri uraia. Bila uraia mlango huu haufunguki, na Tanzania hairuhusu uraia pacha, kwa hiyo kuna kitu ukubali kukiacha. Baada ya hapo inakuja fomu ya kuomba kibali cha kuona siri za serikali, SF-86, kurasa zaidi ya 100. Mpelelezi aliyenihoji alitaka kujua ndugu zangu walio nje ya Marekani ninaowasiliana nao. Nilipofika kwa mama wakubwa na watoto wao aliacha kuandika, akaniuliza kama kweli naongea na wote hao. Nikamwambia avumilie kidogo, upande wa baba bado.

Mama alipojua ninafanya nini alinipigia.

"Mwanangu, ndiyo unatengeneza mabomu?"

"Hapana mama. Nahakikisha yasiwalipukie walio nayo."

Akanyamaza. "Na wanaotupiwa je?"

Karatasi zangu hazina nafasi ya swali hilo. Kanuni tunazofuata zinamlinda askari aliyebeba kombora, fundi anayelikarabati, dereva wa lori, jirani wa ghala, maji na udongo, na mali ya serikali. Aliyelengwa hahesabiwi kama ajali. Mimi sina jibu zuri la kumpa mama, na sitajifanya ninalo. Wapo waliokataa kazi hii kwa sababu ya swali lake, na siwezi kuwaambia wamekosea.

Mama aliuliza akijua anachouliza. Jumatano ya tarehe 29 Aprili 2009 alikuwa nyumbani Mbagala Kuu, Dar es Salaam, wakati maghala ya kambi ya jeshi yalipoanza kulipuka. Alitoka na kanga moja na mtoto wa jirani, pekupeku, akatembea mpaka Mtoni. Mdogo wangu alimpata jioni. Watu zaidi ya 20 walikufa. Haikupita miaka miwili, usiku wa tarehe 16 Februari 2011, ikawa zamu ya Gongo la Mboto. Zaidi ya 20 tena, na maelfu wakalala Uwanja wa Uhuru wakiwatafuta watoto wao kwa majina kwenye kipaza sauti. Sitasema hayo ndiyo yaliyonifanya niichague kazi hii. Niliajiriwa kwa sababu nafasi ilikuwepo na mshahara ulikuwa mzuri. Lakini nilipopewa ripoti za ajali za zamani nizisome, nilizisoma kama mtu ambaye mama yake ameshakimbia.

Aliyenipa ripoti hizo alikuwa sajini mstaafu, mtu wa Mobile, kusini kabisa mwa Alabama, aliyeshika vilipuzi ujana wake wote na vidole vyake vyote kumi vingali vipo. Moyoni nilimwita Mzee. Mdomoni nilimwita kwa jina lake la kwanza kama wenyewe wanavyotaka, na ulimi wangu ulichukua muda kukubali. Aliniwekea rundo mezani akasema, "Anza na hawa wa Arkansas."

Tarehe 9 Agosti 1965, karibu na mji wa Searcy, mafundi 55 walikuwa ndani ya shimo la zege la kombora aina ya Titan II, wakilifanyia maboresho. Kombora lilikuwa palepale katikati yao, limejazwa mafuta yake. Uchunguzi ulielekeza kwenye bomba la mafuta ya haidroliki lililotobolewa wakati wa kuchomelea. Moto ukashika, moshi ukajaa. Walitoka hai wawili. Kombora lenyewe halikulipuka. Mzee aliweka kidole kwenye idadi ya waliokufa, 53, akaniambia, "Wote raia. Makandarasi, kama wewe na mimi."

Ya pili ilikuwa ya Damascus, Arkansas hiyohiyo, tarehe 18 Septemba 1980. Fundi wa jeshi la anga alikuwa juu kwenye jukwaa, kichwa cha spana, kile kinachovishwa kwenye nati, kikachomoka. Kilikuwa na uzito wa kama kilo tatu na nusu. Kikadondoka zaidi ya mita 20, kikadunda, kikatoboa tangi la kombora. Kwa saa kadhaa walihangaika na mvuke wenye sumu, na usiku wa manane shimo lote likaruka, pamoja na mfuniko wake wa zege na chuma wenye tani zaidi ya 700. Askari mmoja alifariki, 21 waliumia. Kichwa cha nyuklia kilitupwa nje na hakikulipuka. Siku hizi mtu akipanda juu ya kombora, kila alichoshika kimefungwa kamba, hata kalamu. Vijana wapya huona ni ushamba.

Kanuni yetu kuu inaitwa MIL-STD-882. Ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1969, na mizizi yake iko kwenye makombora ya jeshi la anga ya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mpaka wakati ule utamaduni wa ndege ulikuwa kurusha, kuona kilichoharibika, kutengeneza, kurusha tena. Kwa kombora lililojaa mafuta ndani ya shimo utaratibu huo unaua watu wengi mno kabla hujajifunza chochote. Kwa hiyo wakasema hatari itafutwe kwenye michoro, kabla chuma hakijakatwa. Kanuni ikaweka pia foleni ya dawa. Kwanza, iondoe hatari kabisa kwa kubadilisha ulichochagua. Ikishindikana, ipunguze kwa kubadilisha usanifu. Halafu weka kizuizi cha kiufundi. Halafu kengele au taa ya onyo. Mwisho kabisa, mkiani, ndipo vinapokuja vibandiko, taratibu za maandishi, mafunzo na glavu. Ukitaka kujua mradi una haraka au hauna, angalia wanaanzia wapi kwenye foleni hiyo. Wenye haraka huanzia mkiani.

Sasa kuna jambo ambalo halimo kwenye mafunzo yoyote niliyowahi kuhudhuria, nalo ndilo linalokula nusu ya maisha yangu kazini: kugombania herufi.

Madhara tunayapa namba, 1 mpaka 4. Namba 1 ni kifo, ulemavu kamili wa kudumu, au hasara ya dola milioni 10 na kuendelea. Uwezekano tunaupa herufi, kuanzia A, yaani hutokea mara nyingi, mpaka E, yaani ni vigumu kuamini kwamba kitatokea katika maisha yote ya kifaa. F ni kwa hatari iliyoondolewa kabisa. Ukiunganisha namba na herufi unapata daraja, na daraja ndilo linaloamua nani atie saini. 1E ni ya kati: meneja wa mradi anaisaini mwenyewe ofisini kwake. 1D ni nzito: inapanda kwa bosi wake anayesimamia miradi mingi, na kabla hajasaini lazima mwakilishi wa watumiaji, yaani askari wenyewe, aandike kwamba amekubali. 1C inakwenda mpaka Washington. Hapo ndipo utaelewa kwa nini watu wazima wenye shahada za uzamivu wanaweza kubishana asubuhi nzima kama kitu ni D au E. Juujuu ni mjadala wa hesabu, kama uwezekano uko juu au chini ya moja katika milioni. Chini yake ni mjadala wa nani ataamshwa usiku.

Nitoe mfano mmoja, nikiwa nimeuvua jina la mradi na la kampuni. Nyuma ya mtambo wa kurushia kulikuwa na plagi mbili za duara, jirani kabisa, ukubwa mmoja, idadi ya pini moja. Moja ilikuwa ya nyaya za kupimia. Nyingine ilikuwa ya njia inayokwenda kwenye kiwashio cha injini ya roketi. Waya wa kupimia uliingia kote kuwili bila kulalamika. Nikaandika karatasi: fundi akikosea plagi, mkondo wa kipimo unaingia kwenye njia ya kiwashio, na mbele ya kombora au nyuma yake kuna watu. Nikaweka 1D.

Mhandisi wa mradi akaja na hoja nzuri, na nasema nzuri kwa dhati. Viwashio vya siku hizi vinatakiwa vivumilie ampea 1 na wati 1 kwa dakika 5 bila kuwaka, na kipimo chake kilitoa mkondo mdogo sana kuliko huo. Zaidi ya hapo kuna kizuizi cha kimakanika kinachokata njia ya moto, chenye pini yake. Na kuna utaratibu wa maandishi. Vizuizi vitatu. Basi ni E. Akaongeza kwamba wako tayari kuweka kibandiko cheupe chenye herufi nyekundu: HATARI, USIUNGANISHE HAPA.

Nilirudi mezani nikausoma ule utaratibu mstari kwa mstari, kitu ambacho nadhani watu wengi hukiahirisha kwa sababu kinachosha. Kwenye hatua ileile ya kupima, fundi anatakiwa aichomoe pini ya kizuizi, kwa sababu mojawapo ya vipimo ni kuona kama kizuizi kinazunguka. Kwa maneno mengine, dakika ambayo anaweza kukosea plagi ndiyo dakika ambayo kizuizi cha pili hakipo. Na kile cha kwanza, mkondo mdogo, kinategemea kipimo kiwe kizima. Hakuna aliyekuwa ameandika kinatoa nini kikiharibika.

Mambo haya yana historia. Tarehe 29 Julai 1967, kwenye meli ya kubeba ndege USS Forrestal, roketi aina ya Zuni ilifyatuka yenyewe sitahani wakati rubani akihamisha umeme kutoka wa nje kwenda wa ndege. Vizuizi viwili vilivyopaswa kuizuia vilikuwa vimeondolewa kabla ya wakati, kila kimoja kwa sababu iliyoonekana ya maana siku ile, na ulinzi uliobaki ulikuwa ule ambao kila upande ulidhani upande wa pili bado unao. Walikufa 134. Niliinukuu kwenye karatasi yangu, sentensi mbili, si zaidi. Ukiijaza karatasi maafa ya zamani wanaona unahubiri.

Mkutano wenyewe ulimalizwa na mtu ambaye hakuwa amesema neno. Mwakilishi wa watumiaji alikuwa sajini wa kike, mdogo kuliko wote chumbani, amekaa mwisho wa meza na daftari lake. Meneja akamwuliza, kwa adabu tu, kama ana la kuongeza. Akasema wao hupima usiku mara nyingi, tena kwa tochi ya mwanga mwekundu ili wasionekane kwa mbali na macho yasipoteze mazoea ya giza. "Herufi nyekundu kwenye kibandiko cheupe," akasema, "kwa tochi yetu hazionekani. Nitaona kibandiko cheupe kitupu."

Chumba kizima kilikuwa na wahandisi na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifikiria hilo. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

Daraja likabaki 1D. Na hapa ndipo pa kuelewa kazi ya herufi: meneja alipoona kwamba karatasi sasa inapanda juu, kwa mtu atakayeuliza kwa nini plagi mbili zinafanana, pesa ya kubadilisha plagi, ambayo wiki iliyotangulia haikuwepo, ikapatikana. Plagi mpya zilitengenezwa na mfereji tofauti ndani, ya kupimia haiingii kwenye ya kiwashio hata uigonge kwa nyundo. Kwa mitambo iliyokwishatoka kiwandani ilibidi bosi asaini hatari kwa muda maalumu, sajini akiwa ameandika kukubali kwake kwa masharti: kupima kufanyike mchana tu mpaka plagi zibadilishwe. Mafundi walinung'unika miezi yote hiyo. Walikuwa na haki.

Wengi hudhani sehemu ngumu ya kazi hii ni fizikia ya baruti. Fizikia unajifunza. Kuna mambo hata yalinifurahisha kwa sababu nilikotoka hayapo. Dar es Salaam, kwa unyevu ule, huwezi kukulia na cheche za kitasa cha mlango. Baridi yangu ya kwanza Marekani nilidhani nyumba ina hitilafu ya umeme. Kumbe ni umeme tuli, na hewa kavu ya baridi ndiyo inayoulea. Tarehe 11 Januari 1985, karibu na Heilbronn, Ujerumani Magharibi, askari wa Marekani walikuwa wanatoa injini ya kombora la Pershing II kwenye sanduku lake. Ganda la injini lilikuwa la Kevlar, ambalo halipitishi umeme. Siku ilikuwa ya baridi kali na kavu. Msuguano wa kulitoa tu ulitosha kujenga chaji, injini ikashika moto, watatu wakafa. Hapakuwa na aliyekosea utaratibu. Hiyo huwa naiwekea alama kwa kila mhandisi kijana anayeniambia kwamba askari wakifundishwa vizuri basi yamekwisha.

Kilicho kigumu ni kuandika. Nasema hivyo kwa sababu ya Dhahran. Ofisi ya mradi wa Patriot, mtambo wa kudungua makombora ya adui, iko hapahapa Huntsville, na hapa habari hii inajulikana kama misiba ya ukoo inavyojulikana. Kompyuta ya mtambo ule ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na sehemu ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa namba za kompyuta. Kila hesabu inaacha chembe ndogo. Mtambo ukizimwa na kuwashwa, chembe zinaanza upya. Ukiachwa umewaka, zinajilimbikiza. Waliousanifu walitarajia uhamehame, usikae mahali pamoja siku nyingi. Tarehe 21 Februari 1991 vikosi vilitumiwa ujumbe kwamba kuwasha mtambo kwa muda mrefu sana kunaweza kuhamisha mahali rada inapotazama. Muda mrefu sana. Ujumbe haukutaja ni saa ngapi. Tarehe 25 mtambo mmoja wa Dhahran, Saudi Arabia, ulikuwa umewaka zaidi ya saa 100 mfululizo. Kosa la saa lilikuwa limefika sekunde 0.34 hivi, rada ikatazama pembeni kwa mita 687, kombora la Iraq aina ya Scud likapita na kuangukia kambi. Wanajeshi 28 walikufa. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran kesho yake.

Mtu fulani aliandika ule ujumbe. Sijui ni nani na sina haja ya kujua. Huenda alikuwa na haraka, huenda saa zenyewe zilikuwa hazijapimwa. Lakini kila ninaposoma rasimu, yangu au ya mwenzangu, naisoma kama askari aliyeko jangwani ambaye hawezi kupiga simu kuuliza. "Mara kwa mara" nafuta. "Kwa uangalifu" nafuta. Hakuna fundi aliyewahi kuamka akapanga kufanya bila uangalifu. "Inapobidi" nauliza, inabidi lini, na nani anaamua? "Muda mfupi" naudai kwa dakika. Wenzangu wananiona mkorofi. Mwandishi mmoja wa taratibu alinirudishia rasimu yake ameandika pembeni kwamba akinifuata mimi kitabu kitakuwa na namba tupu. Nikamjibu ndiyo.

Kuna mvutano mwingine ambao wakandarasi hawapendi kuuongelea hadharani. Ofisi ninayoishauri ndiyo inayoipa kampuni yangu alama za utendaji, na alama hizo zinaingia kwenye zabuni ijayo. Sijawahi kuamriwa niifute hatari. Haiendi hivyo. Utaulizwa tu kama una uhakika, kwa sauti nzuri, mara ya pili, ya tatu. Utaambiwa kwamba mkandarasi mwenzako wa mradi jirani aliiona kama E. Utaombwa uibadilishe "inaweza kuua" iwe "inaweza kusababisha tukio." Nilichojifunza ni kutogombana. Naandika ninavyoona, nikieleza nimeijuaje, halafu mwenye mamlaka akitaka kuishusha aishushe yeye, kwa sababu zake, kwenye karatasi hiyohiyo, chini ya maandishi yangu. Sigomi wala sitishii. Ajabu ni kwamba wengi wakifika hapo wanaahirisha, na kesho yake wanakuja na swali la kiufundi, ambalo ndilo tulilokuwa tunalihitaji tangu mwanzo.

Kwenye maghala hesabu zake ni rahisi kuliko za mitambo, na ndiyo maana huniuma zaidi nikifikiria nyumbani. Umbali salama kutoka kwenye vilipuzi hadi kwenye nyumba ya watu unafuata kipeuo cha tatu cha uzito. Ukiongeza mzigo mara nane, umbali unaotakiwa unaongezeka mara mbili tu. Geuza hesabu hiyo uone upande wake wa pili: jiji likisogea mpaka umbali ukabaki nusu, ghala linatakiwa libaki na sehemu moja ya nane ya mzigo wake. Hakuna jeshi linalofanya hivyo kwa hiari. Kisha kuna joto. Baruti ya kusukumia risasi na makombora huwekewa dawa ya kuizuia isioze. Dawa hiyo huisha taratibu, na katika joto huisha haraka, na ikiisha baruti inaweza kuwaka yenyewe bila mtu kuigusa. Dawa iliyobaki hupimwa maabara, si kipimo cha ajabu. Umoja wa Mataifa ulitoa miongozo ya kiufundi ya kuhifadhi risasi na mabomu mwaka 2011, mwaka uleule wa Gongo la Mboto, na yeyote anaweza kuisoma mtandaoni bila kulipa. Ninapokwenda likizo na kuwakuta maofisa mipango miji kwenye harusi huwauliza kama wameiona. Wengi hudhani hilo ni suala la jeshi peke yake. Lakini anayegawa viwanja si jeshi.

Mwaka jana mdogo wangu alinitumia picha ya kiwanja alichotafutiwa na dalali, mahali ambapo sitapataja. "Dada, bei poa, na majirani ni wanajeshi, hakuna wizi kabisa." Nikafungua ramani ya setilaiti nikapima kutoka ukutani kwao mpaka kwenye kiwanja. Ndani ya ukuta kuna majengo marefu yaliyoachiana nafasi, yenye matuta ya udongo pembeni. Inawezekana ni karakana. Nikamwambia aende serikali ya mtaa akaulize. Wakamjibu mambo ya kambi hawayajui.

Basi nikamwandikia kama ninavyoandika kazini, mistari mitano: umbali kwa mita, matuta niliyoyaona, nisichoweza kukijua nikiwa Alabama, matuta ya namna ile hujengwa kwa nini, na ningefanya nini kama fedha zingekuwa zangu. Sikuandika "kuwa mwangalifu." Alama mbili za buluu zikatokea, kimya. Siku mbili baadaye akarudi: kuna kiwanja kingine Goba, kidogo kuliko kile, bei karibu mara mbili, je, naweza kumwongezea?

Nusu nimeshatuma.